Amba

Watu wa bonde la Armu humwita Amba.
Kwetu amba ni kiungo, hakisimami peke yake:
ambaye, ambalo, ambako,
neno linalogeuza shingo
kuona nani yuko nyuma yake.

Nilimweleza hayo Innokenti Kanchuga
tumechutama kando ya simbamarara jike,
sindano ya usingizi bado imemning'inia pajani.
Hakucheka. Alisema, "Shika ulimi."
Nikanyamaza, uso umenishuka;
kumbe ulimi wa mnyama, ulioangukia pembeni mwa mdomo,
usije ukagandia kwenye theluji.

Niliushika. Ulikwaruza kama msasa,
ulikuwa kitu pekee chenye joto msitu mzima.
Rimma akafunga mkanda: ngozi, betri, nati nne,
nafasi ya vidole viwili,
asikabwe, asichomoke.
Tukampa namba. Kumi na saba.
Innokenti akageuka, akatazama misonobari.
Kwao jina la huyu halitajwi ovyo,
sembuse kumbandika jingine.

Miezi kumi na minne nililala nikimsikiliza.
Ti. Ti. Ti.
Mdundo mmoja kwa sekunde, yu safarini.
Miwili, ametulia mno, nendeni mkamwone.
Nilijua usiku alioua nguruwe mwitu
na asubuhi aliyovuka barabara ya magogo
malori yakinguruma kuelekea bandarini.
Nilijua alipo. Sikujua alivyo.

Kijana wa jirani, Tikhon, aliuliza:
"Na yeye anakusikia?"
Nikamwambia mtambo huu ni sikio tu, hauna mdomo.
Akaniangalia kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Kisha Februari. Ti-ti. Ti-ti. Ti-ti.
Rimma alifunika jiko bila neno.
Siku nzima juu ya mbao za kutelezea,
antena nimeinua, mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa,
nikiigeuza huku, nikiigeuza kule,
na kila mmoja wetu ameshamzika kimoyomoyo.
Mimi nilikuwa nimeshamtafutia na mwuaji:
yule mwenye gari jipya, anayelipa dizeli kwa noti mbichi.
Nilimhukumu kilomita tisa.

Tuliikuta kola chini ya msonobari, peke yake.
Haikukatwa na kisu.
Kipande cha pamba tulichokishona makusudi kije kioze
kilikuwa kimeoza, miezi sita kabla ya hesabu yetu.
Ndani yake manyoya matatu, kupe aliyekauka,
na shombo iliyonifanya nirudi hatua moja.
Rimma alicheka, kisha akalia, kisha akachukua sumaku
akaigusisha ubavuni mwa betri.
Ti ya mwisho haikuisha vizuri.
Sijawahi kusikia kimya kizito kama kile.
Yule mwenye gari jipya
sijamwomba radhi mpaka leo. Ningeanzia wapi?

Tulirudi kwa njia yetu ileile.
Baada ya kijito, juu ya mikwaruzo ya mbao zetu,
nyayo.
Pana kama sahani za wali,
zikielekea kule kule tulikokuwa tukielekea asubuhi,
wayo ndani ya alama, alama ndani ya wayo.
Tulipopumzika kunywa chai, ameketi;
theluji ilikuwa imeyeyuka kwa umbo la makalio yake.
Aliona vikombe. Alinusa majani ya chai yaliyomwagwa.
Mbele kidogo akakata kushoto, kichakani,
bila kuandika popote kwa nini.

Innokenti alivua glavu,
akalaza kiganja ndani ya wayo mmoja
kama apimaye homa ya mtoto.
"Bado haijagandana," alisema.
Halafu, bila kuniangalia:
"Lile neno lenu lisilosimama peke yake,
hufuatwa na nini?"

Nilifungua mdomo.
Nyuma yetu tawi lilitua mzigo wake wa theluji.